Finjani Iliyowekwa Chini

Walisema sitaweza. Nayaandika maneno yao kama walivyoyasema, maana leo hayaniumi tena, na mtu aliyesahau alivyochekwa hawezi kujua amepanda kiasi gani.

Walisema Kiarabu changu ni cha mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Walisema stashahada yangu ya mambo ya hoteli, niliyoitolea jasho miaka miwili Dar es Salaam, inafaa kufungia karanga. Binamu yangu wa Sur, pwani ya Oman, seremala mwana wa seremala, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Wewe mtoto wa Bujumbura umekulia kwenye ukungu wa ziwa. Milima yetu itakukausha kama papa." Na ami yangu wa Ibra, kaka mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyenimaliza: "Huyu hata kahawa hajui kunywa. Ataifungua vipi nyumba ya wageni?"

Hilo la kahawa lilikuwa kweli, na ndilo lililonifikisha nilipo.

Nilirudi Oman nikiwa na miaka thelathini. Nasema nilirudi ingawa sikuwa nimewahi kufika. Ndivyo tunavyosema sisi tuliozaliwa bara, kana kwamba sote tuliiota nchi hii utotoni na siku moja tukaamka ndani yake. Nilianza jikoni katika hoteli ya Nizwa, nikapanda hadi mapokezi, na siku moja ya mapumziko nikaenda Misfat al Abriyeen kutembea tu. Pale, juu ya makonde yanayoshuka kama ngazi, yamejaa mitende, migomba na mindimu, niliiona nyumba kuukuu ya mawe na udongo, imefungwa. Maji ya falaj, ule mfereji wa kale unaonywesha makonde yote ya kijiji, yalipita chini ya dirisha lake yakinong'ona kama mtu anayesema usingizini. Sijui nilisimama muda gani. Kivuli kilikuwa miguuni pangu, nilipokitazama tena kilikuwa ukutani. Nikasema moyoni: nyumba hii nitaiamsha mimi.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeishi hatua chache chini ya mfereji. Hakuwa na ubaya. Alisema kwa upole kwamba ufunguo hampi mgeni asiye na mkubwa wa kumsemea. Basi nikashika njia ya Ibra, kwa ami.

Ami amekulia Unguja mjini, na Kiswahili chake ni cha zamani, kimetunzwa kama nguo ya Idi. Siku hizo kazi yake ilikuwa televisheni. Alikaa sebuleni, miguu ameikunja, akifuatilia makombora ya mataifa makubwa kama wenzake wanavyofuatilia mpira. Nilipoingia hakugeuza uso.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa. Hawa wamesogeza manowari tena."

Alinimiminia kahawa. Nikanywa. Akamimina, nikanywa. Ya tatu nikanywa, nikaitikisa finjani kuonyesha imetosha, maana hilo angalau nilifundishwa. Kisha nikakohoa nikasema, "Ami, nimekuja na haja."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. Akatazama finjani mkononi mwangu, akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Haja? Haja gani, mwanangu? Umekwisha imeza."

Sikujua. Bujumbura kahawa ni kahawa. Huku, mtu mwenye haja kubwa huipokea finjani na kuiweka chini, mbele yake, bila kuigusa mdomo. Mwenye nyumba akiiona imekaa pale inapoa, hujua. Humwambia, "Sema." Akikubali humwambia, "Kunywa," na jambo limekwisha. Akikataa, mgeni huondoka na kiu, na habari ya kuwa ameondoka na kiu humfuata mwenye nyumba miaka. Lakini anayekunywa amesema kwa kinywa chake kwamba amekuja kusalimia tu. Mimi nilikuwa nimesalimia mara tatu.

"Nenda na salama," ami akasema. "Njoo siku nyingine ukiwa na kiu."

Kufikia Jumatano, soko la wanawake la Ibra lilikuwa na habari zangu. Shangazi alisikia kwa muuza buhuri kwamba nilikunywa finjani saba na kuomba sukari.

Baada ya wiki mbili nilirudi. Sikujitetea. Niliipokea finjani, nikaiweka juu ya mkeka, nikanyamaza. Televisheni iliendelea, watu wenye suti wakinyoosheana vidole. Ami aliitazama finjani, akatazama skrini, akaitazama finjani tena. Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukakatika.

"Sema," alisema.

Nikasema. Alifikiri hadi kahawa ikapoa kabisa.

"Kunywa," alisema. "Nitakusemea. Ila neno langu sijapata kuliazima likarudi limevunjika. Ukishindwa, utakuwa umenishinda mimi."

Mjane akanipa ufunguo kwa msimu mmoja, tangu baridi inapoingia hadi joto linaporudi. Nyumba ikikaa tupu, alisema, joto likirudi ufunguo nao unarudi.

Basi nikaazima. Sioni haya kusema. Shangazi wa Ibra alinipa mazulia matatu ya sufu. Mfua shaba wa Nizwa, ambaye nilikuwa namhudumia chai hotelini, alinipa madele mawili makubwa, birika za shaba za kumiminia kahawa. Binamu wa Sur, pamoja na kejeli zake, alikuja na vifaa vyake, akakaa siku kumi na moja akinitengenezea milango na madirisha, na kila jioni akiniuliza kama nimeanza kukauka. Na mjane mwenyewe, alipoona bustani ya nyumba ile inasinyaa, aliniazima zamu moja ya maji kila wiki, kutoka kwenye zamu zake. Anayejua milima anajua kuazimwa maji ni nini. Kwa mikono yangu mwenyewe nikapaka kuta, nikatundika stashahada yangu ukutani, udongo mbichi ukiwa bado unanukia mvua.

Miezi miwili walikuja watu wa kupiga picha dirishani na kwenda zao. Kisha ikaja barua.

Aliyeiandika ni mama mmoja wa makamo, mratibu wa mikutano ya faragha, kutoka Ulaya. Alitaka nyumba nzima kwa siku tano. Wageni wawili tu, wazee waliostaafu, mmoja Mmarekani, mmoja Mrusi. Wangekaa mahali pasipo na kelele waandike karatasi moja: namna nchi zao, zenye mabomu ya kutumaliza sote, zinavyoweza kukaribia ugomvi na kurudi nyuma kabla ya majuto. Karatasi haikuwa ya serikali. Kila mmoja angeipeleka kwa watu wa kwao ambao bado walikuwa wakimsikiliza. "Mkutano ukikamilika," mratibu aliandika, "nitaleta mingine kwako, kila msimu. Usipokamilika, hapatakuwa na mwingine."

Niliisoma mara nne nikiwa nimeketi ukingoni mwa falaj, miguu majini. Joto lilikuwa limebakisha wiki chache kurudi.

Siku mbili za kwanza, nikizikumbuka, naziona kama kupitia kitambaa cheupe. Mmarekani alikuwa mrefu, ameinama kidogo, amemaliza ujana wake kwenye meli za kivita. Mrusi alikuwa mfupi, mtulivu, na alipenda ndimu. Alizila kwa chumvi kama mtoto wa Unguja. Kazi yake ilikuwa kuandika maonyo ya serikali yake. Waliketi roshani, majani ya migomba yakipepea chini yao, nuru ya kijani ikitembea juu ya karatasi na mikono yao. Mimi nilimimina kahawa. Kiingereza changu ni kizuri, na mwenye dele hakuna anayemwona.

Mmarekani alisimulia kwamba zamani meli yao na ya Warusi zilielekeana katika ukungu, pua kwa pua, hadi wakamwona mpishi wa upande wa pili na beseni lake la maganda. Hakuna aliyekuwa na amri ya kugeuka. Halafu ile meli nyingine ikageuka polepole, ikaonyesha ubavu wake wote, kama mtu anayefunua koti kuonyesha hana kitu. Nahodha wao naye akageuka.

"Na ripoti ilisemaje?" Mrusi akauliza.

"Hali ya hewa."

Mrusi akatabasamu. "Hata sisi tuliiandika sana hiyo."

Yeye alisimulia kwamba onyo zuri lazima liwe na mlango. Aliandika kurasa tatu za moto, na katikati mstari mmoja mdogo wa kutokea. Upande wa pili walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuutafuta mstari ule. Alisema hatua ya mbele hupigiwa ngoma, ya nyuma huendwa bila viatu. Nilisimama na dele langu nikimwaza ami mbele ya televisheni yake. Miaka yote ile alikuwa akisikia ngoma tu.

Siku ya tatu mambo yaliharibika. Walikuwa wamekwama tangu asubuhi mahali pamoja: nani aandikwe kuwa wa kwanza kurudi nyuma. Kila mmoja alitaka awe mwenzake. Wakati wa chakula simu ya Mmarekani ikalia. Huko nje, manowari za pande mbili zilikuwa zimesogeleana tena. Akaisoma habari kwa sauti, neno kwa neno, huku Mrusi akiwa na tonge mkononi.

Mrusi aliliweka tonge sahanini. "Unanisomea gazeti mezani kama mwanafunzi wako," alisema taratibu. Akainuka. Nikamsikia akimwambia mratibu aite gari la kumpeleka Muscat.

Gari lingechukua saa moja na nusu kupanda mlima. Mratibu alikaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. Nami nikasimama jikoni, nikaona yote yanavyonitoka mkononi: mratibu harudi, joto linaingia, ufunguo unashuka kwa mjane, na soko la Ibra linapata habari mpya kuliko ile ya sukari. Zaidi ya yote, neno la ami. Sauti ya maji ilikuwa ile ile. Nadhani ndiyo iliyonituliza. Nikawasha moto, nikasaga iliki.

Nilimkuta Mmarekani roshani, anatazama mitende bila kuiona.

"Mzee," nilimwambia, "ukipewa kahawa sasa hivi, usinywe. Iweke chini mbele yako, ukae kimya. Akikuuliza, omba kitu."

"Niombe nini?"

"Kitu kidogo. Kitu anachoweza kukupa bila kuinama."

"Yeye ndiye aliyeondoka mezani, si mimi."

"Ndiyo maana wewe ndiye mwenye haja."

Alinitazama kama vile ukuta umesema.

Mrusi alikuwa mlangoni kwake, mkoba tayari. Nikampa dele. Nikamwambia kwamba siku tatu nimemimina mimi, na hadi gari lifike chumba kile na roshani ile ni vyake. Basi ndiye mwenye nyumba, atumiminie sisi. Hakukataa. Watu wa zamani hawakatai kumimina. Akaja roshani na dele mkono wa kushoto, kama alivyoniona nikifanya, akammiminia mratibu, akanimiminia mimi, na mwisho, bila kumtazama, akammiminia Mmarekani.

Mmarekani akaipokea. Akaiweka chini, juu ya zulia la shangazi.

"Kahawa mbaya?" Mrusi akaniuliza mimi.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata lile la kwamba nilikunywa mara tatu kwa ami yangu na nikachekwa mji mzima. Mratibu alicheka kidogo. Kukawa na maji tu, na jani moja la mgomba likijisugua ukutani.

"Na nikikataa?"

"Ataondoka na kiu."

"Anayeondoka ni mimi."

"Basi utamwacha na kiu nyumbani kwako, na gari lako litashuka na habari hiyo."

Mrusi aliketi. Dele bado lilikuwa mkononi mwake. Aliitazama ile finjani, ndogo, haina hata mkono, na mvuke wake ukipanda wima kwa kuwa hapakuwa na upepo. Watu wawili waliowahi kuishi kando ya mioto mikubwa kuliko yote wakawa wanatazama mvuke wa kahawa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mvuke ukawa uzi. Uzi ukakatika.

"Sema," alisema Mrusi.

"Kesho," alisema Mmarekani. "Kaa hadi kesho mchana."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na gazeti sikupaswa kulisoma."

Mrusi aliendelea kukaa. Kisha akasema, "Kunywa. Imepoa, lakini kunywa."

Mmarekani akanywa kahawa baridi hadi tone la mwisho. Hapo Mrusi akageukia kwangu, akaniachia dele. "Sasa mimina wewe," alisema. Nikammiminia. Naye akaiweka chini, mbele ya Mmarekani.

Mmarekani alielewa upesi. "Sema."

"Karatasi isiandike nani wa kwanza. Iandike kwamba yeyote atakayerudi nyuma, mwenzake asimcheke. Asimtangaze, asijisifu, asimpigie picha. Aseme ni hali ya hewa."

Nikaona uso wa Mmarekani ukilegea, ukawa kama wa kijana aliyesimama kwenye ukungu ule. "Kunywa," alisema.

Gari lilipofika dereva alikuta watu wanacheka, akapewa chakula, akashuka bila abiria. Karatasi ilikamilika siku ya tano asubuhi, nami ndiye niliyeipiga chapa kwenye mashine yangu ndogo chini ya stashahada. Walikokwenda nayo sijui. Najua kwamba wiki zile manowari zilitengana, na kwamba televisheni ilisema bahari ilichafuka. Huenda kweli ilichafuka. Mtu anayependa kunibishia na anibishie. Mimi nilikuwapo, nilishika dele, na katika maisha yangu sijaona stashahada nyingine ya hoteli iliyofanya kazi kama ile.

Mratibu alirudi msimu uliofuata, na mwingine, na nyumba haikulala tena. Mjane alipoona, alinikaribisha kwake, akanimiminia, nikaiweka finjani chini. "Kunywa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ufunguo kaa nao."

Ikafika siku niliyoamua isinikute na cha mtu nyumbani. Niliianza mapema, kabla jua halijafika kwenye makonde ya chini. Nilikuwa nimekwisha nunua zamu yangu mwenyewe ya maji. Asubuhi ile nikafungua mlango wa mfereji upande wa mjane, nikamaliza kumrudishia zamu zake zote alizoniazima, na ziada moja, nikasimama kuyatazama maji yakiingia kwenye mindimu yake. Nikashuka Nizwa na madele mawili yamesuguliwa hadi mfua shaba alijiona ndani yake. Akasema hakumbuki kuyafanya mazuri hivyo. Sur nilikuwa nimemaliza wiki iliyotangulia. Nilimfanyia binamu kazi siku kumi na moja, nikibeba mbao na kupiga randa, na siku ya kumi na moja akanishika mkono akaugeuza huku na huku. "Hukukauka," alisema, kana kwamba amenionea huruma bure.

Alasiri nikaingia Ibra. Shangazi alipokea mazulia yake matatu na la nne jipya. Nikamaliza kwa ami.

Televisheni ilikuwa inawaka, sauti imezimwa. Meli za kijivu, bahari ya kijivu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alinimiminia. Mkono wake umeanza kutetemeka siku hizi, nikaisogeza finjani karibu. Nikaipokea, na palepale, bila kuiweka chini, nikanywa.

Ami alinitazama. Midomo yake ilitaka kucheka, ikaacha.

"Umekunywa."

"Nimekunywa, ami."

"Huna haja?"

"Sina. Neno lako nimelirudisha. Nimekuja kusalimia tu."

Alitikisa kichwa polepole, akageukia zile meli zilizokuwa zikielea bila sauti, hazijulikani kama zinakuja au zinakwenda. "Na hao wako wenye manowari, je? Wamekunywa?"

"Bado. Ila imewekwa chini. Nimeiona kwa macho yangu."

Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la magharibi na vumbi la dhahabu lilikuwa likielea juu ya mkeka, pale pale nilipowahi kuchekwa. Nilikuwa na finjani tupu mkononi. Sikuitikisa. Ami akainua dele akamimina tena.